Mama Umweke Nyuma

Baba Hafsa,

Nimekwenda zamu hotelini Galu. Mchuzi wa papa uko jikoni, wali uupashe moto. Nguo zikikauka, zianue.

~~Kompyuta usiiguse.~~ Cheza, lakini nisikilize. Asubuhi nikipiga pasi sare, wewe kwenye mchezo wangu wa vita wa kompyuta ukamtanguliza tabibu wa jeshi peke yake, akauawa, nawe ukahifadhi hivyo hivyo. Hukusoma jina lake? Nilimpa la mama yako!

Mchezo wenyewe nimeshaumaliza mara mbili, na ile sidii ya sehemu ya nyongeza ndiyo kwanza naifungua. Ningeweza kuendelea bila huyo tabibu. Moyo umekataa. Nimeuanza mchezo upya tangu mwanzo, huku nacheka peke yangu.

Mama yu hai tena. Yule askari mwenye ngao, anayesimama mbele yake, nimempa jina lako. Mama umweke nyuma.

Mama Hafsa