Kiboko wa Mto Wami

Zuwena acha unachofanya usome hii. Niko hai, simu hii ni ya nesi, yangu imezama.

Si nilikuambia mimi na Herman tunaenda Saadani kabla wazazi wake hawajaja kwetu Jumamosi kujitambulisha? Leo tukapanda boti Mto Wami, tushuke nao mpaka unapoingia baharini. Pazuri shoga, hadi nikawa namrekodi Herman akicheka.

Kiboko akaibuka chini yetu. BOTI IKAPINDUKA.

Herman akanishika. Nikajua ananiokoa. Kumbe ananivua jaketi la kuokolea! Lake alikuwa amelivua mle botini akalikalia. Nikapiga kelele, "Herman, mimi sijui kuogelea!" Akanipiga kiwiko cha pua. Zuwena, KIWIKO! Damu ikanijaa mdomoni.

"Niachie, nitakufa!" Ndivyo alivyosema. Nitakufa. Yeye.

Aliyenivuta ni Ally, mwendesha boti, kwa nywele, huku kiboko keshamng'ata paja. Nyama inaning'inia, maji mekundu, na hakuniachia mpaka ukingoni. Sasa hivi yuko chumba cha upasuaji. Daktari anasema atapona, ila mguu hana uhakika nao.

Herman kakaa hapa kwenye benchi, hana hata mchubuko. Ananiambia, "Modesta, nyumbani tusiseme, watatuelewa vibaya."

Nimempiga kofi mbele ya manesi. Halafu nikampigia baba kule nyumbani Misugusugu, Herman anasikia, nikamwambia wale wageni wa Jumamosi wasije.

Baba hakuuliza kwa nini. Aliuliza, "Uko na nani hapo, mwanangu?"

Nikamwambia niko peke yangu.