Festo, Elia Anataka Umjibu Wewe

Mpwa wangu Festo,

Simu umezima, na mama yako mdogo huko Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kila nikimpigia ananisalimia Kibemba mpaka salio linaisha. Kwa hiyo naandika wazi, hapa kwenye kundi la ukoo, asome anayetaka. Mtu aliyelala Lubumbashi ndani ya lori huku wahuni wanagonga vioo kwa nondo hawezi kuogopa barua. Shule niliishia kidato cha pili, lakini kwa mdomo nimehitimu, na wewe unajua.

Unakumbuka nilivyokuwa nakupakia kwenda Vwawa, unasinzia kwenye mkono wangu na hindi la kuchoma halijaisha mdomoni? Nilikuwa nabadilisha gia polepole ili usiamke. Mimi, dereva ninayeogopwa na malori yote ya foleni ya Tunduma!

Halafu ukaanza kupigana na Elia. Mara ya kwanza mligombea dawati. Ulirudi shati limekuwa tambara la deki, mdomo umevimba kama andazi. Nikakucheka, ukanirushia ndoo.

"Anko, usinicheke. Yule nitamuua."

Kesho yake mkachapwa mbele ya shule nzima, mmelala kifudifudi wewe na yeye, fimbo zikavunjika zikaletwa nyingine. Ulirudi huwezi kukaa. Hukulia. Uliniambia tu, "Alikuwa ananiangalia nikichapwa." Sura yako ya siku ile ninayo mpaka leo.

Sisi wakubwa tukafanya kama ukoo wetu unavyofanya: mbuzi. Tena dume la Msangano, nililipakia mwenyewe kwenye kabini, likanikojolea kiti. Kwao Elia babu yako akaongea, baba yake akaongea, mimi nikaongea kuliko wote, akina mama wakafuta machozi. Tukachinja, tukala, tukashikana mikono. Na nyinyi wenyewe? Wewe ulitumwa kuni, Elia akatumwa maji. Hakuna aliyewauliza neno. Tukasema yamekwisha.

Wenzako wamenisimulia ya shamba la shule. Mko kwenye matuta, wasichana wapo, Elia akasema kwa sauti: "Kwenu wamenilipa mbuzi ili nisikupige tena. Alikuwa mtamu!" Watu wakaangua kicheko. Ukageuza jembe, ukampiga na mpini kwenye taya. Akaanguka. Ukampiga mgongoni, ukampiga kichwani, ukampiga usoni, mpini ukakatika, ukaendelea kwa mateke mpaka wakakuvuta watu wazima. Ukawaponyoka, ukakimbilia njia za panya, ukavukia Nakonde.

Jicho la kushoto limekwenda, Festo. Nilimwona hospitalini. Nimeshawahi kuchomoa watu kwenye vyuma vya malori yaliyopinduka, damu mpaka kwenye viwiko, sikuwahi kugeuza uso. Pale niligeuza.

Alipotolewa hospitali tu, kaka zake walikuja kwa mama yako na mapanga. Walivunja mlango, wakamkata mbwa, wakaifyeka migomba yote huku mama yako kajifungia chooni. Mimi nilisimama mlangoni na spana ya magurudumu, nawatukana kwa lugha nne, lakini kusema kweli walikuwa wananimaliza. Ndipo bodaboda ikaingia na Elia nyuma, kichwa kimefungwa bandeji. Hakuweza hata kushuka vizuri.

"Wekeni mapanga chini," akawaambia kaka zake. "Mkimkata Festo, nani atanijibu?"

Wakaondoka. Lakini mkubwa wao alinisogelea akaninong'oneza: "Tunamsubiri mdogo wetu apate jibu lake. Asipolipata, Nakonde si mbali."

Mwalimu Tusekile, yule wa ushauri, akatuita shuleni. Nilifika na mbuzi mwingine. Alimfunga nje kwenye goli akasema, "Huyo mbuzi wako wa kupatanisha asubiri hapo, leo hatuna kazi naye." Tukakaa duara, bila meza, mama yako, wazazi wa Elia, Elia na mimi. Kulikuwa na gunzi la hindi. Mwenye gunzi ndiye anayeongea, wengine kimya. Unanijua. Nililikumbatia lile gunzi mpaka mwalimu akalidai.

Lilipofika kwa Elia, alisema taratibu, taya bado linamuuma: "Nilimkosea kwa maneno, nitamwambia mwenyewe. Ila nilikuwa nimeshaanguka. Sikuwa napigana tena. Kwa nini aliendelea?"

Nikaomba gunzi. "Mwanangu Elia, hasira za ujana..."

"Mjomba," akanikata, "wewe hukuwepo."

Festo, nimebishana na askari wa nchi tatu na nikashinda. Pale nililirudisha gunzi.

Sikudanganyi, kesi polisi ipo, na mwalimu amesema wazi kikao hakiifuti. Tutaanzia huko, mimi na wewe, na hakuna atakayekugusa kabla hajanigusa mimi. Mwalimu mkuu alitaka kukufukuza moja kwa moja. Mwalimu Tusekile amemwomba asubiri kikao cha Ijumaa, duara lile lile, safari hii na wewe ukiwemo. Kaka zake Elia nao wanasubiri. Sote tunaning'inia kwenye swali la mtoto mmoja.

Alhamisi asubuhi nitakuwa mpakani, upande wetu. Pita getini kama mtu, usipite vichochoroni. Najua unaogopa. Mama yako nimemhamishia kwangu, hali chakula, anakaa anasikiliza kila pikipiki inayopita. Na mimi, jitu zima, nimekuwa kama yeye. Nakupenda, mshenzi wewe.

Usije na hotuba. Hotuba nilizimaliza mimi. Kama hujui kwa nini uliendelea, sema hujui. Kama ulitaka afe, sema hivyo hivyo, mbele ya mama yake, na ukae hapo hapo usikie Elia atakachokujibu. Ila useme wewe, kwa mdomo wako, ukimtazama kwenye lile jicho lililobaki.

Ni mimi, mjomba wako,
ambaye safari hii siwezi kukusemea.