Kichaka cha Mwisho cha Shangazi

Kaka Hamisi,

Nimefika kwa shangazi Ziwani salama, na tumbo limejaa ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini. Jua la huku halina adabu, lakini shangazi tangu asubuhi yuko malishoni na wale mbuzi wawili tuliomwachia atufugie mpaka Idi. Amewapa majina, Sultani na Kidawa. Mvua ikianza, wao ndio wa kwanza kuingia jikoni.

Unakumbuka vile vichaka vya kigeni vyenye miiba, vilivyomeza malisho yote nyuma ya nyumba? Mbuzi wamevila hadi nyasi zimeota tena. Kimebaki kimoja tu, karibu na mkorosho.

"Wakimaliza hicho, mje na kisu chenu," shangazi aliniambia bila kunitazama.

Leo nimemkuta anawafunga kamba. Kigingi amekipigilia mbali, kiasi kwamba hata wakijivuta vipi, midomo yao haikifikii kile kichaka. Halafu akachukua ndoo, akaenda kukimwagilia maji.

"Shangazi, unamwagilia magugu?"

"Kimekauka, mwanangu. Kinatia huruma."

Sultani alikuwa anamlamba kiganja. Nikampokea ndoo, nikaenda kisimani kuchota nyingine.

Wifi na watoto wabusu wote, nimewakumbuka mno. Nawe Mungu akulinde njiani. Ila ukija Idi, kaka yangu, pitia sokoni ubebe kuku.

Mdogo wako,
Zuhura