Kumbe Kinyozi Ngau Ni Wewe

Ghorofa ya saba, Mtaa wa Yu Chau,
Sham Shui Po, Hong Kong.
17 Novemba 1998

Mpendwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini baridi ya Rotterdam haijaanza kukusumbua, na kwamba lile goti linakuruhusu kupanda ngazi za mgahawa wenu bila kusimama njiani. Mama Mkubwa Siu-lan naye hajambo? Sisi huku tu wazima. Mama analalamika meno, na hilo si jipya. Biskuti zenu zilifika bati likiwa limebonyea, lakini hazikumaliza siku mbili.

Ningeendelea kukusalimu hadi mwisho wa karatasi, kwa sababu sijui nianzie wapi. Nimeshtuka, Baba Mkubwa. Wiki mbili sasa nakula bila kusikia ladha, na kazini wameniuliza kama nimefiwa.

Ilianza hivi. Kituo cha televisheni kiliamua kumpa Baba tuzo ya miaka ishirini na mitano ya uchekeshaji, wakaomba picha zake za zamani. Habari ikaenea. Mzee mmoja anayeitwa Pun, aliyesema alikuwa mwalimu zamani, akatuletea mkanda mdogo wa filamu wa harusi ya mwaka 1971. Alisema Baba yumo humo. Tukatundika shuka ukutani, tukaweka chungwa la kumenya mezani, tukakaa kutazama.

Kwenye shuka akatokea kijana mwembamba mezani, amevaa tai. Akasuuza bakuli lake kwa chai mara tatu. Akainua kijiti kimoja kimoja, akafumba jicho kukikagua kama anayelenga shabaha. Huku akiongea na jirani yake, akasahau, akanywa yale maji aliyosuuzia. Kisha akameza mate mara mbili kabla ya kutamka neno.

Nilicheka hadi nikashika mbavu. Nikasema, "Baba, kumbe Kinyozi ulikuwa unamfanyia mazoezi tangu hata kipindi hakijaanza!"

Hakuna aliyecheka nami. Mama aliinuka akaenda jikoni. Baba akasema, "Huyo si mimi, Fan. Huyo ni kaka."

Sijui kama huko uliwahi kukiona hicho kipindi. Natamani uwe hujakiona. Kinyozi Ngau, mhusika anayeigizwa na Baba, alipangiwa atokee jioni moja tu, akakaa miaka ishirini na mitano na kuingia kwenye filamu kumi na moja. Hong Kong hii hakuna mgahawa ambao mtu hajawahi kufumba jicho akakagua vijiti, wenzake wakavunjika mbavu. Madereva wa teksi humkatalia Baba nauli mpaka awafanyie. Nilisoma kwa kile kicheko, Baba Mkubwa. Viatu vyangu vya shule vilitoka humo.

Na mimi nilikuwa wa kwanza kucheka. Ulipoondoka nilikuwa na miaka mitatu, uso wako siukumbuki, nakumbuka viatu vya kahawia tu. Nilipokuwa na miaka kumi nilikuandikia kwamba nimepata zawadi shuleni kwa kumwigiza Kinyozi. Ulinijibu, "Hongera mwanangu, kuwachekesha watoto si kazi ndogo." Barua hiyo ninayo. Nimeisoma tena juzi.

Nilimbana Baba usiku ule ule. Nilimwuliza kwa ukali, sijawahi kusema naye hivyo.

"Sikuwa na kitu," alinijibu. "Miaka minane nilikuwa mtu wa kuangushwa ngazini na kupigwa makofi na mastaa. Mwongozaji akaniambia, wewe, nichekeshe leo au urudi kwa mama yako ukauze samaki. Kichwani kulikuwa kutupu. Nikamwigiza kaka. Mpiga picha alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nikajua ni siku moja, itapita."

"Na Baba Mkubwa je?"

"Alikuwa mwalimu. Akigeukia ubao, darasa zima linameza mate mara mbili. Wanamwita Kinyozi hadi getini. Alikuja kwangu mara moja tu, akaniomba niache."

"Ukasemaje?"

"Nilimwambia watu wamempenda."

Mama akapaza sauti kutoka jikoni, "Mwambie na lile la uwanja wa ndege." Baba akaniambia kwamba siku ya safari yako hakuja kukuaga kwa sababu alikuwa anarekodi. Nimemkasirikia, sikufichi. Siku tatu sikumwandalia hata chai.

Ijumaa ilikuwa ndiyo siku ya tuzo, moja kwa moja hewani. Alinisihi niende naye, nikaenda kwa shingo upande. Walipomwita jukwaani, wakamletea meza, birika, bakuli na vijiti bila kumwarifu. Ukumbi wote ukaanza kupiga makofi kwa mpigo mmoja, "Ngau! Ngau!"

Baba akaketi. Akamimina chai, akainywa kama mtu yeyote. Vijiti hakuvigusa. Kisha akasema, nanakili kama nilivyomsikia: "Hii si yangu. Ni ya kaka yangu, Lo Kwok-leung, aliyekuwa mwalimu Sham Shui Po. Nilimwibia nikiwa na njaa, na niliposhiba sikumrudishia. Watoto aliowafundisha walimcheka mpaka akaihama nchi. Kaka, nisamehe."

Akasita kidogo kabla ya hilo jina lako, akameza mate mara mbili. Hakuwa anaigiza. Amekuigiza miaka mingi mno, sasa hata yeye hawezi kujizuia. Basi ukumbi ukalipuka. Walicheka, wakasimama, wakapiga viti. Alipoinua mkono kuwaambia anasema kweli, wakazidi. Mshereheshaji alimkumbatia huku akifuta machozi ya kicheko.

Ndani ya teksi aliniuliza, "Wamesikia, Fan?" Nikamwambia hapana. Magazeti ya Jumamosi yameandika kwamba hajawahi kuchekesha kama siku ile, na kituo kinarudia kuionyesha kila jioni. Baba amekataa kutoka nje tangu hapo. Jana alinipa anwani yako kana kwamba sina, akaniomba nikuandikie, kwa sababu yeye ameshaanza mara sita na kuchana.

Mimi sikutumwa kukulainisha, wala sikuambii usamehe. Kwa upande wangu naomba radhi, kwa miaka yote niliyokucheka bila kujua. Ila ujue hili: mdogo wako alikuomba msamaha mbele ya Hong Kong nzima, na hakuna aliyemsikia. Umebaki wewe tu.

Msalimie sana Mama Mkubwa, na dada Ka-yan na wanawe. Mama anakusalimu, ameongeza kwamba alikuambia tangu zamani kuwa Baba atakuja kujuta. Wahenga wetu wa ukoo wa Lo wakulinde, wakupe usingizi mzuri na goti lisiloumwa.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Lo Sau-fan