Kikombe chenye Alama Nyekundu

Kharumwa, Jumatano, 1996

Bado siamini. Kikombe kile kimenichefua wiki nzima. Mama Kabula, muuguzi wetu mkuu, alikipaka rangi ya kucha ili wagonjwa wa ukimwi wanywee hicho tu. Mkufunzi aliyekuja kutufundisha wauguzi kuhusu ukimwi kaeleza mpaka sauti imemkauka kwamba kikombe hakiambukizi. Tuliitikia wote, na alama ikabaki.

Leo Masanja, mchimba dhahabu aliyelazwa kwetu, alishindwa kumaliza chai yake katika kikombe hicho chenye alama. Mama Kabula akamsogelea.

"Lete baba, nikusaidie."

Akainywa yote. Masanja alifunika uso kwa shuka, akalia.

Mimi ningeweza? Naogopa hata kujiuliza.

Baadaye Mama Kabula aliikwangua rangi kwa wembe. Sasa nikifungua kabati, sijui kile ni kipi.