Mbwa Aliyepekua Koti la Mkwe

Mpendwa Mzee Kiogora,

Naomba unisaidie kabla Jumamosi ya tatu haijafika, kwa sababu mbwa wangu Bosi ameniharibia ndoa ya binti yangu Wawira, wageni walitoka Kiirua mpaka hapa kwetu Kanja kuja kumposa, wazee wanne wenye makoti mazito vile watu wa baridi huvaa, na kabla hawajafika mlangoni Bosi akakata kamba akamrukia msemaji wao, Mzee Salesio, akamwekea miguu miwili kifuani na kutia pua ndani ya koti, mzee akarudi nyuma akakalia karai ya ndizi ambazo mama watoto alikuwa amemenya, akainuka akasema, "Njagi, tulikuja kuomba msichana, hatukuja kupimwa makoti," wakaondoka bila hata chai, na wametuma neno kwamba watarudi Jumamosi hiyo, mara moja tu, wakirukiwa tena watajua tumewakataa kwa mdomo wa mbwa, na Wawira tangu siku hiyo haongei na mimi, ananiwekea chakula na kwenda zake. Nimempiga mbwa teke, nimemfokea, nimemshika miguu nikamsukuma, anazidi tu kucheza, na kumpa mtu siwezi kwa sababu ndiye analinda kahawa, tena ananipenda sana, kila jioni nikitoka bucha anasimama kwa miguu ya nyuma anajichomolea nyama yake kwa mfuko wa koti yangu, hata marafiki huja kuona. Mke wangu anasema ni pepo. Nifanye nini?

Njagi, Kanja

Njagi,

Pepo mwachie mchungaji. Mimi niliacha shule darasa la nne na bado nimesoma barua yako mara moja nikaona aliyeharibu ndoa: ni mfuko wa koti yako. Umemfundisha mbwa kila jioni, mbele ya watazamaji, kwamba koti ni kabati ya nyama, halafu wazee wanaingia na makabati manne na unataka atulie kama mzee wa kanisa. Alifanya kazi uliyompa. Pole kwa Wawira. Kwako wewe pole sina.

Na hiyo ya kulinda kahawa usirudie mbele za watu. Mwizi akivaa koti tu, mlinzi wako atamkumbatia.

Teke acha. Kwa mbwa kama huyo teke ni mchezo, kelele ni mchezo, na kumshika miguu ni dansi. Leo hii koti ifuliwe, mifuko igeuzwe nje, harufu iishe. Nyama sasa inaliwa chini, kwa sufuria yake kuukuu, mahali pamoja. Akikurukia, kunja mikono, mgeuzie mgongo, nyamaza kama nguzo ya ua. Miguu yote minne ikigusa chini, hapo hapo mwite jina, mkune shingo, mpe kipande kidogo ukiwa umeinama. Akiruka tena, mgongo tena. Siku za kwanza ataruka zaidi, maana atafikiri umekuwa kiziwi. Usilegee. Na nyumba yote ifanye hivyo, pamoja na hao marafiki wako wa sinema. Mmoja akicheka na kumpapasa mbwa akiwa amesimama kwa miguu ya nyuma, mmeanza upya.

Wiki ya pili ita majirani wenye makoti. Waingie mmoja mmoja, Bosi akiwa kwa kamba mkononi mwako, na asiguswe mpaka atulie. Najua utaona haya kumwomba jirani avae koti aje kuzoeza mbwa. Ona haya sasa, Jumamosi itakuwa ghali.

Siku yenyewe mfunge nyuma ya ghala kwa mnyororo, si kamba yako ya kutafunwa, mpaka wazee wakae na chai iwe imenywewa. Ndipo umlete polepole, wamwone ametulia, kwa maana wakwe hawaji siku moja tu.

Lakini kwanza wewe simama langoni, bila koti, umwambie Mzee Salesio, Wawira akisikia: "Mzee, mbwa hakukosa, ni mimi nilimzoeza kula mfukoni. Hapa hakuna aliyewakataa." Ni maneno machache, na najua yatakukwama, kwa sababu barua yako yote haina mahali umesema ni wewe. Yakikukwama siku hiyo, basi ufungwe wewe nyuma ya ghala, Bosi apokee wageni. Yeye atakuwa amefunzwa.

Mzee Kiogora