Hema Lililochanwa kwa Ndani

Mwenzangu, upo? Leo nimeumbuka! Kazini kesho sijui naingiaje.

Unawakumbuka wale wapanda mlima waliokufa kwenye theluji, hema lao likakutwa limechanwa kwa ndani? Si nilikuapia kuna mtu aliwavamia, kwa sababu hakuna mwenye akili timamu anayechana hema lake mwenyewe?

Basi leo nikawa nabishana na wenzangu pale kwenye cherehani. Bosi anasema lilikuwa zimwi la theluji. Mama Vifungo anasema majini. Nikawaambia acheni ujinga, ngojeni niwaonyeshe.

Kulikuwa na hema la mteja, nimetoka kulitia zipu mpya. Nikaingia, nikajifungia, nikawapigia kelele, "Mnaona? Mtu anafungua zipu, anatoka zake!"

Zipu ikagoma.

Mwenzangu, ikagoma! Zipu niliyoitia mimi, kwa mikono yangu hii! Joto, giza, jasho, na Mama Vifungo huko nje anacheka mpaka anakohoa. Navuta, wapi! Pumzi zikaanza kunipaa. Na mkasi unaning'inia shingoni.

Nikachana. Kwa ndani! Juu mpaka chini!

Natoa kichwa, nakutana uso kwa uso na mwenye hema, kaja kulichukua.

Akaniangalia weee, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Fundi, kimekutisha nini humo ndani?"

Bosi kanikazia macho. Ningesema zipu?

Nikamjibu, "Zimwi."